Saa ya Mbio ya Wamboga

Jinja, 2 Februari 1975

Mdogo wangu Nulu,

Pokea salaam za nyumba nzima, kuanzia kwangu mpaka kwa paka. Tu wazima, ila shemejio Nabifo analalamikia jino, na ukimsikiliza sana utadhani jino nalo linamlalamikia yeye. Mvua hakuna. Sabuni hakuna. Sukari ipo kwa mwenye mtu kiwandani, na mimi nina mtu.

Naandika Kiswahili kama kawaida, si Kigisu chetu. Anayefungua barua huko posta akikuta lugha asiyoijua anaitilia shaka. Akikuta Kiswahili anasoma, anachoka, anafunga. Kama ndiyo kwanza umefika hapa, bwana wa posta, salaam kwako na kwa watoto.

Duka la marehemu Jivanji linaendelea. Naona nimekosea tena. Mzee Jivanji hakufa, alipanda ndege tu Wahindi walipoambiwa waende. Mwenye duka mpya, mmoja wa hawa tunaowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi, sajini mstaafu, ameamuru saa zote za ukutani ziende sawa na redio. Ile ya kona ilichelewa dakika nne. Akaishusha, akaiweka chini ya meza, uso umeelekea ukuta. Nikamwambia, "Afande, inahitaji mafuta." Akasema, "Inahitaji adabu." Mpaka leo iko kizuizini.

Ule ugonjwa wangu wa saa umezidi. Sasa ninazo sita. Juzi afande mmoja alileta saa ya dhahabu, karati kumi na nane, ya kabla ya vita vya Hitla, ya kupimia mbio, ina vibonyezo viwili ubavuni na visaa vidogo viwili ndani ya uso wake. Alikuwa anaionea haya. Ndogo, nyembamba, kila asubuhi inataka ufunguo kama mtoto anavyotaka uji. Nikampa mpya ya chuma, pana kama kisosi, inaonyesha siku na tarehe na kuwaka gizani. Akanipigia saluti! Sikuuliza aliitoa wapi. Fundi saa akianza kuuliza atabaki na koleo tu.

Sivai hata moja. Dhahabu mkononi barabarani siku hizi inakwenda na mkono wake. Zinakaa katika mkebe wa biskuti, kila moja katika kitambaa nilichokata kwenye gaguro la Nabifo, yeye anadhani ni panya. Ijumaa nikitoka msikitini nazitia ufunguo zote, nazisikiliza, nazirudisha. Watu wengine wanafuga njiwa.

Sasa neno lenyewe. Msalimie shemeji Wamboga, uisalimie na saa yake. Mwambie tangu siku ile Mhindi wake wa kinu cha pamba alipoivua mkononi akampa, kwa kumsomea ramani katika mbio za magari za mwaka sitini na nane bila kumpoteza hata mara moja, mimi sijalala vizuri. Sita zangu zote haziifikii hiyo moja. Maulidi inakaribia. Aniletee niisafishe, kama kila mwaka. Na mwambie bado ninaitaka. Baiskeli niliyosema ipo, na redio nimeongeza.

Mimi kaka yako,
Latif

*

Namakwekwe, Mbale, 20 Februari 1975

Kaka Latif,

Salaam zako zimefika, na za paka tumezipokea. Sisi hatujambo. Nafuna amepanda darasa la tano na sasa anamsahihisha baba yake hesabu mezani. Mama mkwe kule Busiu magoti yanamuuma, lakini mahindi anapalilia mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike ili iweje.

Wamboga nimemsomea barua yako. Amecheka mpaka chai imemwingia puani. Anasema: "Mwambie shemeji saa yangu haiendi Jinja bila mkono wangu. Na baiskeli ampe Nabifo, iwe badala ya gaguro." Kwa hiyo siri ya panya imeshafika Mbale, kaka, jihadhari.

Atakuja mwenyewe Jumanne tarehe 4 Machi, atalala kwenu, Jumatano arudi. Lori lake limepata kibali cha kuchukua mabati huko. Nimemwambia njiani aivue, aiweke ndani ya soksi. Kasema saa kama ile haikutengenezwa kunusa vidole. Unamjua.

Mtilie sukari kilo tano kama mtu wako bado yupo. Na sabuni hata kipande.

Nulu

*

Namakwekwe, 19 Machi 1975

Kaka,

Hatujambo kidogo. Nafuna ana mafua. Mama mkwe magoti ni yaleyale.

Wamboga aliondoka Jumanne ile, tarehe 4, alfajiri, amevaa shati jeupe na kofia yake. Leo ni siku ya kumi na tano. Mwanzo nilisema labda mabati hayajapatikana. Halafu nikasema labda Latif amemng'ang'ania na ile saa. Sasa sijui niseme nini.

Alifika kwako? Kama alifika, aliondoka lini? Kama yuko hapo mgonjwa na mnaogopa kunitia wasiwasi, niambie tu. Wasiwasi nimeshaupata.

Barua hii nimempa Omollo, yule Mjaluo wa Kisumu anayeendesha lori la chumvi. Anapita kwako kila wiki mbili. Usisubiri posta.

Nulu

*

Jinja, 2 Aprili 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam na dua zetu. Jino la Nabifo limeng'olewa, na daktari alitoa la jirani yake kwanza, kwa mazoezi. Mwenye duka ameifungua ile saa ya kona, na kwa bahati siku ile redio nayo ilichelewa, basi wamepatana.

Kuhusu Wamboga: hapa hakufika. Tuliweka chakula Jumanne, tukaweka Jumatano. Nulu, usiende mbali kwa mawazo. Watu wengi siku hizi wanavuka kimyakimya, wanajikalia Bungoma au Kisumu mpaka mambo yapoe, halafu unamwona mtu anaingia na mkate wa Kenya kwapani kama hakuna kitu. Wamboga anajua njia zote za mlimani, ndiyo kazi aliyoifanya katika mbio. Pengine ameona kizuizi hakijamkalia vizuri, akageuza lori.

Ninakutumia sukari kilo kumi, sabuni miche miwili, na kitambaa cha gauni la Nafuna. Kingine chochote sema tu, usione haya. Kitu chochote.

Usiende kwenye kambi ya jeshi kuuliza. Anayekwenda kuuliza anaulizwa yeye.

Msalimie Wamboga atakaporudi.

Latif

*

Namakwekwe, 25 Mei 1975

Kaka Latif,

Salaam kwako, kwa Nabifo na pengo lake. Kitambaa kimefika, gauni limeshonwa, Nafuna amekataa kulivaa mpaka baba yake alione. Limetundikwa ukutani.

Nimekwenda Tororo. Nimekwenda Malaba. Kuna mtu aliniambia amemwona Bungoma anauza vipuri, nikampa Omollo picha, akazunguka soko zima. Alimpata mtu mwenye kofia kama yake. Kofia tu. Mama mkwe anasema mwanawe yuko Kenya, amechoka na kelele zangu. Kila Jumapili anapika kuku akingoja lori lisimame pale barabarani Busiu. Jioni kuku huyo tunakula sisi.

Nasikia wanawake wengine wanavyosema: mume akipotea miezi mitatu, mke ajue. Ajue nini? Mimi sijui kama nimeachwa, nimefiwa au nimesahauliwa. Nikienda kisimani sijui nitembeeje.

Sasa nimepata njia. Kuna afande hapa mjini, amezungumza nami mara mbili kwa adabu. Anasema kambini huko Jinja kuna orodha ya waliokamatwa barabarani, na kama Wamboga yumo anaweza kunionyesha jina lake. Ila niende peke yangu, nisimwambie mtu. Nakuambia wewe kwa sababu wewe si mtu, wewe ni kaka yangu. Nitakwenda Jumatatu ya mwisho wa Juni, shule zikikaribia kufunga, Nafuna nimpeleke kwa bibi yake.

Nikitoka huko nitapita dukani kwako, unipe chai.

Nulu

*

Jinja, 12 Juni 1975

Nulu,

Hatujambo wote.

Usiende. Nakuomba kwa jina la baba na mama yetu. Mwanamke anayeambiwa aende peke yake asimwambie mtu hakwendi kuonyeshwa orodha. Kama hao afande wana orodha, mimi ni mganga. Hapa dukani wanakuja kila siku, hawajui hata ni nani kati yao yuko zamu.

Usiende, mdogo wangu. Huko hayupo. Utajiangamiza bure, na Nafuna atabaki na nani?

Ninatuma sukari.

Latif

*

Namakwekwe, 22 Juni 1975

Latif,

Salaam.

Sukari nimemrudishia Omollo akurudishie. Zile kilo kumi bado ninazo ndani, kaka. Mwanamke ambaye mume wake hayupo na mitungi imejaa sukari, majirani wanamwangalia vingine.

Umeandika: huko hayupo. Hukuandika huenda hayupo, wala nadhani. Umejuaje?

Nimetoa barua zako zote kwenye sanduku. Tangu mwaka ule wa mbio, hakuna barua uliyonipa bila kuitaja saa ya Wamboga. Mama alipokufa uliandika msiba, na chini ukauliza kama saa inatiwa ufunguo. Tangu Machi umeandika barua mbili. Umesalimia mume wangu. Saa yake hujaiuliza hata kwa neno moja.

Safari ya Jumatatu naiahirisha mpaka unijibu. Sisemi kwamba nimeifuta.

Nulu

*

Jinja, 20 Julai 1975

Mdogo wangu Nulu,

Barua yako ninayo siku ishirini na tano. Nimeanza kuijibu mara nyingi, kila mara nikafika kwenye salaam nikakwama. Leo naziacha.

Ninayo saa ya Wamboga.

Tarehe 30 Mei, Ijumaa, alikuja dukani askari nisiyemjua, kijana mrefu, mchangamfu. Akaweka kitambaa mezani, akafunua. Saa ya dhahabu ya mbio. Alitaka zile pana zinazowaka. Saa hizi za Uswisi zinafanana, Nulu, walitengeneza nyingi, nikajiambia ni ndugu yake tu, basi. Nikaweka lenzi jichoni, nikafungua kifuniko cha nyuma.

Sijui kama nimewahi kukuambia jambo hili la kazi yetu. Fundi saa akimaliza kusafisha, huchukua sindano akakwaruza alama yake ndani ya kifuniko, ndogo, na tarehe. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Ni kwa ajili ya fundi mwingine atakayefungua kesho, ajue nani alipita na lini. Mle ndani mlikuwa na alama saba, na zote saba ni mkono wangu. L na W, na tarehe, kila mwaka kabla ya Maulidi.

Mkanda ulikuwa umeoshwa kwa sabuni. Ulikuwa haujakauka.

Nikamwambia, "Saa nzuri, afande." Akasema, "Mwenyewe haulizi saa tena." Halafu akaelekeza kidole dirishani, upande wa bwawa, kule mto unakoshukia, akacheka. Nami nikacheka, Nulu. Kicheko kilitoka chenyewe, kama kikohozi. Nilimpa saa aliyotaka, nikamchagulia na mkanda. Akaenda zake.

Wamboga amekufa, mdogo wangu. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Sikuona mwili, na sidhani kama yupo atakayeuona. Lakini niliyosikia niliyasikia kwa masikio haya, na niliyoyaona mle ndani niliyaandika kwa mkono huu.

Nilinyamaza kwa sababu ya woga. Niliogopa barua kufunguliwa, niliogopa kwa ajili yako. Ninampa Omollo saa hii, ameishona ndani ya kiti cha lori. Ni ya Nafuna. Mimi siitaki. Sikustahili hata kuitamani, maana bila kuniletea mimi asingeivaa barabarani siku ile.

Nisamehe.

Latif

*

Namakwekwe, 3 Agosti 1975

Latif,

Saa imefika. Omollo alinikabidhi kwa mikono miwili, akakaa chini sakafuni akalia, mtu ambaye hata si wa ukoo.

Nililia siku tatu. Siku ya nne nilitaka kuziona zile alama ulizosema, maana nilifikiri, mle ndani kuna kila mwaka wetu mmoja mmoja. Nikampelekea mzee Mafabi, fundi saa anayekaa barazani pale sokoni. Nikamwambia, "Mzee, nifungulie tu nyuma, unisomee yaliyomo." Akaweka lenzi. Akasoma andiko la kwanza, la mwaka sitini na nane. La pili. La tatu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. La saba, Machi ya mwaka jana. Halafu akasema, "Na hili la mwisho."

Nikamwambia, "Mzee, ni saba."

Akasema, "Mama, mimi nimezeeka lakini nane naijua. L, W, tarehe saba, mwezi wa tatu, sabini na tano. Fundi huyu ana mkono safi sana."

Ulikuwa nayo tangu tarehe saba Machi. Uliisafisha. Ukaipaka mafuta, ukaitia alama, kama kila mwaka. Mwaka huu mwenyewe wake ndiye hakuwapo, lakini kazi hukuiacha. Kwa mdomo unanipa Mei, na kwa sindano umeandika Machi, na mkono wako, kaka, ni mwaminifu kuliko wewe.

Basi ile ya Aprili, ya kuvuka Bungoma na mkate kwapani, uliiandika saa yake ikiwa inalia pembeni yako.

Sikiliza sasa yaliyofuata. Nilikwenda kwa Sheikh nikakae eda. Akaniuliza, "Habari mmeipata kwa nani?" Nikamsomea maneno ya askari. Akaniuliza, "Alifariki lini?" Nikamwambia tarehe hasa hatuna, lakini tarehe saba Machi saa yake ilikuwa imeshavuliwa. Akahesabu kwa mwezi mwandamo, kwa vidole, taratibu, akahesabu tena. Halafu akasema, "Mama, eda huanza kufa kwa mume, si kufika kwa barua. Miezi minne na siku kumi imekwisha tangu tarehe kumi na tatu Julai. Huna siku ya kukaa."

Tarehe kumi na mbili Julai, Latif, siku moja kabla, ilikuwa harusi ya jirani yangu Betty. Nilipaka hina mpaka kiwiko. Nilivaa lile gauni la manjano analolipenda Wamboga, nikajitia manukato, nikacheza. Wanawake walisema, Nulu umerudi kuwa wewe. Nilikwenda kwa sababu ulikuwa bado hujanijibu, nikasema nisimlilie mtu ambaye pengine yuko njiani.

Nimejipaka hina katika eda ya mume wangu. Hilo umenifanyia wewe, wala si askari.

Sheikh anasema niko huru. Shemeji yangu mdogo alikuja kutoa pole na palepale akaniuliza mipango yangu. Nimemwambia Sheikh, kwamba hainilazimu nimesikia, lakini nitakaa. Naanza leo. Siku zote, nyumbani, nguo nyeupe. Sharia inihesabie au isinihesabie.

Usiniandikie katika siku hizo.

Nulu

*

Jinja, 9 Agosti 1975

Nulu,

Umenikataza na bado naandika, maana Omollo anaondoka kesho, na nikiacha safari hii nitapata uongo mwingine ulio mtamu kuliko huu wa kwanza.

Nilikuambia nilinyamaza kwa woga. Woga ulikuwapo, lakini ulikuja baadaye. Askari alipofunua kile kitambaa, kabla sijagusa lenzi, nilifurahi. Moyo uliruka kama wa mtu aliyeona mchumba. Nikafungua nyuma, nikaona mkono wangu mara saba, nikajua ni ya nani, nikajua yuko wapi. Na ile furaha, Nulu, haikuondoka papo hapo. Ilikaa. Labda kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nilikuwa nimeshajua kwamba umefiwa, na kidole changu kilikuwa kinapapasa kile kibonyezo cha juu, kuona kama kinabonyea laini.

Kinabonyea laini.

Ndiyo maana sikuweza kuandika Machi. Ningeandika Machi ungeniuliza ilikuwaje, na mimi nilijua ilikuwaje.

Zile sita bado zimo mkebeni. Wiki hii sikuzitia ufunguo, nilizifungua nyuma. Zote zina alama za mafundi. Mmoja wa Kampala, ninamfahamu, alifundishwa na Mhindi mmoja nami. Mmoja wa Kisumu. Nilikuwa naziona alama hizi siku zote, nikizipenda jinsi zilivyokwaruzwa, nisijiulize aliyekuja kuchukua saa yake siku ile yuko wapi. Leo nimeandika katika karatasi tarehe niliyoipokea kila moja, na sura ya aliyeileta kadiri ninavyokumbuka. Sijui nimpe nani karatasi hii. Kuituma kwa mafundi ni hatari kwao na kwangu. Kuichoma siwezi.

Sikuombi tena unisamehe. Nilikuomba mara moja ndani ya uongo, ile haihesabiki, na ya pili sina uso wa kuileta.

Sitaandika mpaka uandike wewe.

Latif

*

Namakwekwe, 10 Desemba 1975

Latif,

Salaam kwako na kwa Nabifo. Mvua imekuwa nyingi, barabara ya Wanale imekatika. Nafuna amefaulu, ni wa pili katika darasa. Lile gauni limemwia fupi kabla hajalivaa, nimempa mtoto wa Betty.

Nimemaliza siku zangu jana. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka mpaka sokoni na kurudi. Miguu ilikuwa kama ya kuazima.

Barua yako ya Agosti niliipokea siku ileile Omollo alipofika, nikaisoma, nikaiweka. Hizo pumzi mbili nimezifikiria kwa siku mia moja na ishirini. Kuna siku nilikuchukia kwa sababu ya hizo mbili kuliko miezi yote mitano. Kuna siku nilisema angalau sasa amenipa kitu ambacho hakuna fundi angekikuta ndani ya kifuniko. Sijaamua. Usinihimize.

Lakini kuna jambo halingojei uamuzi wangu. Mama mkwe bado anapika kuku. Mimi nimemwambia. Sheikh amemwambia. Wanawe wamemwambia. Anasema: "Nyinyi nyote mmeambiwa na karatasi. Saa huibwa, na mwenye saa akawa hai. Ni nani aliyemsikia huyo askari kwa masikio yake?" Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema, "Basi kaka yako ana miguu."

Kila Jumapili, Latif, anatoka na kiti na sahani ya kuku mpaka ukingo wa barabara ya Tororo, miguu mibovu vile, na kila lori likipunguza mwendo anasimama. Mwezi uliopita lilipunguza kwa ajili ya shimo. Alianguka.

Omollo atakupitia Jumamosi tarehe 20. Panda naye. Kwangu usifike, chai sitakupikia bado. Ishieni Busiu mkalale, Jumapili asubuhi mtamkuta ameshatoa kiti.

Ukae chini, mbele yake. Umwambie tarehe saba Machi, si nyingine. Umwambie na maneno ya askari, na kidole kilielekea wapi. Akikuuliza wewe ulisema nini, umwambie kwamba ulicheka.

Kisha uibebe ile sahani ya kuku ndani, maana peke yake hataweza kuiondoa pale.

Nulu